Wa Nyuma Hawajasikia

Mtu wa kwanza niliyemwona akipigwa na daktari alikuwa mume wa mgonjwa. Alikuja wodini kumchukua mkewe, kidonda cha upasuaji bado kibichi, nyuzi bado ziko mwilini, akamshika mkono akamvuta kutoka kitandani kama anavuta mbuzi mnadani. Alisema nyani wanamaliza mahindi na nyumbani hakuna wa kuyalinda. Daktari alikuwa ameshika sinia ya vyuma. Hakupiga kelele wala hakuita mlinzi. Alimpiga nayo ya uso. Mikasi na koleo zikatawanyika sakafuni, jamaa akakaa chini anatafuta jino lake, na Daktari akanigeukia mimi, mhudumu mgeni ambaye nilikuwa hata sijajua choo kiko wapi. Akasema, "Okota vyuma ukavichemshe upya. Huyu naye mpe pamba."

Ndivyo nilivyomjua. Siku hizi watu wa Same wakimsema, hasa vijana waliosikia habari zake redioni, wanamsema kama bibi mpole aliyechunguza damu za wanawake weusi mpaka wakubwa wa huko nje wakanyamaza wamsikilize. Kuchunguza alichunguza, na kusikilizwa alisikilizwa. Huo upole ndio sijui waliuona wapi. Mimi nilikaa naye miaka, nimekula naye makande kwenye sufuria moja, na nakwambia mwanamke yule alikuwa moto wa pumba: ukidhani umezimika, weka mguu uone.

Namwita Daktari, basi. Kwao sikupajua, ukoo wake sikuujua, na hili ndilo la kuchekesha, maana kazi yake yote ilikuwa kuuliza watu koo zao. Mama akifika na uvimbe kwenye titi, kabla hajaulizwa kunauma wapi anaulizwa, "Mama yako yupo? Alikufa na nini? Shangazi zako? Bibi mzaa baba?" Siku moja tuko njiani nikamgeuzia kibao. Nikamwambia, "Na wewe Daktari, mama yako alikufa na nini?" Akatazama mbele. "Hapa mimi ndiye ninayeuliza."

Alinitaka kwa sababu alihitaji mdomo. Kiswahili anacho, Kiingereza anacho, ila bibi wa milimani kwetu anakuitikia marahaba, anakuuliza habari za safari, na baada ya hapo yote ni Chasu, lugha yetu Wapare. Mambo ya matiti hayasemwi kwa lugha ya kuazima. Kwa hiyo nikawa nafuatana naye kupanda na kushuka milima yote ya Upare, yeye anauliza, mimi natafsiri, bibi analia, mimi natafsiri, bibi anamtukana, mimi nanyamaza. Hapo anang'aka, "Mbona umekaa kimya? Mdomo wangu umekufa? Tafsiri na matusi. Nataka yote."

Miaka ile madukani kulikuwa na rafu na vumbi. Sabuni ni foleni, mafuta ya taa ni foleni. Glavu za upasuaji tulizifua, tukazianika kwenye kamba nyuma ya jengo, tukazipaka poda, zikavaliwa tena mpaka zikatoboka. Karatasi nayo ilikuwa shida, na bibi zetu wengi hawakusoma, kwa hiyo Daktari akaanzisha mtindo wake. Alibeba ungo. Anakaa chini uani na bibi, anaomba mahindi na maharage ya pale pale nyumbani, anapanga ukoo mzima juu ya ungo. Punje ya hindi ni mwanaume, harage ni mwanamke. Mwanamke aliyekufa kwa donda la titi, harage lake linaunguzwa kwenye kaa la moto likawa jeusi, halafu linarudishwa mahali pake, chini ya baba yake na mama yake. Bibi akishaona wanawe wamelala pale, weusi na weupe, mikono yenyewe inaanza kusahihisha: huyu sogeza huku, huyu alikuwa wa mke mdogo, huyu mwingine mlimsahau. Nimeona bibi mmoja amemaliza kupanga, akatazama, akaupindua ungo akamrushia Daktari usoni. Daktari akajifuta, akaokota punje moja moja, akasema, "Muulize tunaweza kuanza upya?"

Hasira zake hazikuchagua. Mafuta ya taa yalipokwisha na friji ya damu ikapata joto, sampuli za kazi ndefu zikaoza zote, akaipiga friji mateke mpaka mlango ukabonyea. Ulibaki umebonyea hivyo miaka yote, tukawa tunaufunga kwa kamba ya katani. Alikuja profesa mmoja mgeni, mzungu, amenyooka, anaeleza kwa ustaarabu kwamba ugonjwa huu kwa kweli ni wa wanawake wa kwao, kwamba huku wanaumwa wachache tu, na hao ni wazee. Daktari alimkamata tai. Sikusimuliwa, niliona kwa macho yangu. Alimvuta kwa tai mpaka wodini, akafunua shuka la msichana aliyekuwa ananyonyesha kwa upande mmoja kwa sababu upande wa pili ulikuwa umepasuka. "Huyu ni mzee?" akamuuliza. "Haya mwambie mwenyewe kwamba haumwi." Profesa akatapika dirishani. Ndiyo maana Daktari alitaka damu za kwetu zichunguzwe kwa ajili ya kwetu: vitabu vyote alivyosoma vilikuwa vimeandikwa kwa kutazama wanawake wengine, na wetu walikuwa wanakufa wakiwa wasichana, nje ya vitabu.

Kwenye shamba la mkonge kule tambarare tulipigwa mawe. Alikuwa anawataka wale manamba, vibarua wa mkonge, kwa sababu wametoka kila kona ya nchi; alisema ukisimama pale getini umezunguka Tanzania nzima bila nauli. Ila mtu akija na sindano na sanduku la barafu, watu wana neno lao la zamani: mumiani, mnyonya damu za watu akaziuze. Jiwe la kwanza lilipasua kioo cha mbele cha Land Rover, la pili likampata dereva shingoni. Mimi nilikuwa chini ya kiti, sioni aibu kusema. Daktari akashuka. Akafunga mpira mkononi mwake mwenyewe, kwa meno, akajichoma, akavuta damu yake sindano nzima, akaimwaga juu ya boneti mbele ya watu wale wenye mapanga ya kukatia mkonge. Akawauliza, "Nani mnunuzi? Aje, ninayo." Jua lilikuwa kali, damu ikaanza kukaukia pale. Baadaye mama mmoja akasogea akakunja mkono wa gauni lake, na nyuma yake wakajipanga wengine.

Na bado, nikwambie, mtu huyo huyo alikuwa akiingia wodini asubuhi anamsuka mgonjwa nywele. Anasuka vibaya, mistari inatoka imepinda, ila wagonjwa hawakufumua. Mpaka leo sijui nimweke fungu gani.

Sasa nifike kwetu, maana nimezunguka vya kutosha.

Ukoo wetu, upande wa baba, ulikuwa unaogopwa. Shangazi zangu waliisha kwa donda la titi mmoja baada ya mwingine, wakiwa bado wana watoto mgongoni. Wazee walikuwa na jibu lao: titi ni la mama. Ukoo hauna tatizo, tatizo ni wake wanaoletwa, wanakuja na mikosi ya kwao au uchawi wa kwao. Kila msichana akifa, mama mmoja anafukuzwa. Tulikua tukijua hivyo, kama unavyojua mvua inatokea upande gani.

Dada yangu akapata uvimbe. Alikuwa ananizidi kidogo tu, mcheshi, mwenye sauti ya kwaya. Kabla sijaarifiwa walikuwa wameshampeleka kwa mganga akamchoma uvimbe kwa kisu kilichowekwa kwenye moto, akilia ameshikwa na wanaume. Kidonda kilipoanza kutoa maji, baba akachukua mchi. Hakumpiga mganga. Alimpiga mama yangu, mbavu na mgongo, huku shemeji zake mama wamesimama uani wanatazama, akimwambia aseme alimfanyia nini mtoto. Mama aliteremka mlima kwa miguu mpaka Same, ameshika ubavu, akaingia wodini nikiwa napiga deki. Alisema ameanguka. Daktari akamgusa mbavu, mama akatoa sauti, Daktari akanitazama mimi. "Sema wewe. Ameanguka?"

Nilisema yote, maana mama alikuwa ameshaninong'oneza mlangoni. Nilimchukia baba yangu siku ile kuliko nilivyowahi kuchukia kitu, na nilitaka Daktari apande mlima akiwa na ile sinia yake.

Alipanda na ungo. Wazee walikuwa wamekusanyika uwanja wa shule baada ya msaragambo wa mfereji, kazi ya pamoja ya kijiji, majembe bado mikononi, nusu ya ukoo iko pale na wanawake nyuma. Akaomba nafasi, akapewa, kwa kuwa mgeni hanyimwi neno. Akaweka ungo chini, akapanga ukoo wetu. Babu, punje ya hindi. Chini yake wanawe. Shangazi zangu, maharage meusi. Halafu wana wa kiume na wake zao, halafu binti zao, na huko nako weusi. Akaanza kusema, mimi natafsiri kwa sauti ya juu.

"Tazameni hawa wake. Huyu katoka ukoo huu, huyu ukoo ule, huyu alitoka Ugweno huko Shighatini. Hawana undugu. Wao wenyewe wazima, wanazeeka na matiti yao. Lakini kila mmoja ana binti aliyeungua. Hawa binti wanaunganishwa na nini? Na baba zao. Kitu hiki kiko kwenye damu ya ukoo. Mwanaume anaweza kukibeba maisha yake yote, asiumwe, akampa mtoto wake. Mtakuwa mmewafukuza wake bure."

Nilimaliza kutafsiri. Baba yangu, ambaye ndiye aliyekuwa msemaji wa ukoo, akasimama. Alivaa koti lake kubwa kama siku zote. Hakukasirika, alitabasamu, na mtu wa kwetu akitabasamu barazani ujue ameshaipata hoja. "Daktari, tumekusikia. Kama ni sisi, mbona kwenye ungo wako hakuna punje ya hindi hata moja iliyoungua?"

Wanaume wakacheka. Wengine wakapiga majembe chini. Daktari akasema, "Inaweza kutokea. Ni mara chache, ila mwanaume naye ana titi." Hapo kicheko kikakatika. Baba aliupiga ungo teke, mahindi na maharage yakaruka, na kabla halijatua harage la mwisho alikuwa ameshainua bakora. Ya kwanza ilimpata Daktari begani. Ya pili aliikinga kwa mkono wa kulia. Niliusikia mfupa. Wengine nao wakaja, nikapigwa mimi, nikang'ata mkono wa mtu sijui wa nani, wanawake wa nyuma wakapiga mayowe. Katikati ya vumbi lile namwona Daktari amepiga magoti, mkono umening'inia, anamtazama baba. Hakumtazama usoni, alimtazama kifuani, koti lilipokuwa limefunguka. Nilidhani amezubaa kwa maumivu.

Mkono ule wa kulia ndio aliokuwa akipasulia. Uliunga, ila uliunga vibaya, kiganja kikabaki kimegeukia ndani na vidole viwili havikurudi. Upasuaji ukaishia hapo. Miaka mingi baadaye nilimsikia akiulizwa na mwandishi wa habari ni nini kilimfanya aache kisu aingie kwenye utafiti moja kwa moja. Akajibu kwamba alipata msukumo kutoka kwa jamii. Nilicheka mpaka nikatoka nje.

Ungedhani yeye ndiye aliyeshtaki. Humjui Mpare. Wanasema sisi tunauza ng'ombe kugharimia kesi ya kuku, na mimi sikatai. Ukoo ndio uliofungua kesi mahakama ya mwanzo: Daktari ametutukana, amewaharibia binti zetu posa, ameingiza wanaume kwenye maradhi ya kike. Na mpaka shauri liishe, mwanamke yeyote wa ukoo ni marufuku kuteremka hospitali. Kesi ikaanza na masika, ikaahirishwa, ikaahirishwa tena, vuli ikaingia. Dada yangu alikuwa ndani kule juu. Nilikwenda nikazuiwa mlangoni na baba wadogo na wake zao. Nilimsikia akiniita kwa ndani. Alikuwa anauliza kama nimekuja na Daktari.

Siku ya siku hakimu akamuuliza, "Una ushahidi gani mbele ya mahakama hii kwamba mwanaume anaweza kuwa na maradhi ya titi?"

Daktari alikuwa bado ameuning'iniza mkono kwa kitambaa. Akamgeukia baba, akamtazama kwa muda mrefu mpaka karani akainua kichwa. Baba alikuwa amekaa wima, vifungo vya koti vyote vimefungwa, jasho linamtoka na kule juu ni baridi.

"Sina, mheshimiwa," Daktari akasema.

Akashindwa kesi. Atoe mbuzi, atoe dengelua, pombe ya miwa, ya wazee, arudi kwenye uwanja ule ule ayafute maneno yake mbele ya ukoo. Nilimwambia akate rufaa. Nilimwambia nitauza hata kanga zangu. Akasema, "Rufaa itachukua masika mengine. Dada yako hana masika mengine." Akawatumia wazee neno moja: atafuta, mradi siku hiyo hiyo wanawake wafunguliwe washuke.

Basi akasimama uwanjani, mbuzi kafungwa pembeni, na mimi ubavuni mwake kama kawaida. Akasema, "Ugonjwa huu hautoki kwa wanaume wa ukoo huu." Nikatafsiri. Mzee mmoja akasema, rudia, wa nyuma hawajasikia. Akarudia, nikatafsiri kwa sauti. Mwingine akasema tena, wa nyuma hawajasikia. Waliokaa nyuma walikuwa wanawake, na mama yangu alikuwa kati yao, amesimama amejishika ubavu. Uongo ule ulitoka kwa Daktari kwa Kiswahili, lakini mama aliusikia kwa Chasu, kwa sauti yangu. Aliondoka akarudi kwao, na hakuna aliyemfuata kumsindikiza. Daktari, ambaye hakuwahi kumwomba mtu radhi hata akimkanyaga, alisimama pale mpaka dengelua ikaisha.

Wanawake wakashuka. Hilo lazima nilitamke, maana wako binamu zangu wanaolea wajukuu leo kwa sababu ya uongo ule; walipelekwa Moshi, wakakatwa mapema, wakapona. Dada yangu tulimshusha kwenye machela. Daktari alifunua kitambaa, akakifunika, akatoka nje akapiga ukuta kwa mkono wake mzima mpaka ukatoka damu. Dada alikufa akimsikia akipiga.

Halafu nchi ikafunguka. Madukani vikajaa vitu, mitumba ikamwagwa barabarani, wenye mashamba ya mkonge wakabadilika, hospitali ikaweka dirisha la malipo na pamba ikawa ya kununua. Daktari naye akapata watu wa nje waliokubali kufanya naye kazi kwa masharti yake: damu isiondoke bila yeye kujua inakwenda wapi, na jibu lirudi. Likarudi. Kwenye damu ya ukoo wetu walikuta kasoro, ndogo mno, inayopita kwa mtoto wa kike na wa kiume vilevile. Alinieleza jikoni kwangu nikichambua maharage. Nikamwambia twende uwanjani sasa hivi. Akasema, "Niliapa mbele ya wazee wenu. Nikirudi na maneno yale yale watafunga tena njia. Wanawake wanashuka, niache."

Baba alikuja mwenyewe. Alinikuta sokoni siku yangu ya mapumziko nauza tangawizi, akasimama mbele ya fungu langu kama mnunuzi. Nilikuwa sijaongea naye tangu msiba wa dada. Nikamwamkia, akaitikia. "Nipeleke kwa yule mwanamke," akasema.

Daktari alimpokea mlango wa nyuma. Hakumwambia karibu, wala hakumwambia "nilikwambia". Alimwambia, "Vua koti." Titi lake la kushoto lilikuwa limekuwa donda, limeliwa mpaka ubavuni, amelifunga kwa matambara. Harufu niliijua, ilikuwa harufu ya chumba cha dada. Alipasuliwa na daktari kijana, na Daktari wangu amesimama nyuma yake anamfokea kila anapoweka kisu, mkono wake uliovunjwa umefichwa mfukoni. Ukoo uliambiwa mzee amepasuliwa henia. Alitaka hivyo, na Daktari aliandika hivyo hivyo na kuwaambia wote hivyo, uso mkavu.

Hakupona. Mimi ndiye niliyemuuguza. Siku moja namlisha uji akaushika mkono wangu. "Aliona," akasema. "Siku ile uwanjani. Fulana yangu ilikuwa na damu, akaiona. Mahakamani nilikaa nikisubiri aseme mvueni shati. Hakusema." Akavuta pumzi. "Nilimchukia zaidi kwa kutosema."

Nikamuuliza, na mama je? Akafumba macho. Nikadhani amelala. Akasema, "Daktari hawezi kusema, ni siri ya mgonjwa. Wewe ni damu yangu. Nikishaoza, sema." Nilimpenda na ningeweza kumpiga na bakuli. Tulimzika kwa henia, wazee wakahutubia, na mimi sikusema. Ningemwambia nani? Kila nikifungua mdomo nasikia ile Chasu yangu ya uwanjani.

Mimi pia niliungua, kwa lugha ya ungo. Kwangu kuliwahiwa. Nina titi moja na maneno mengi. Na nina binti, na kwa hesabu ya Daktari ile kasoro huenda anayo, huenda hana, ni kama kurusha sarafu. Nilipougua ndipo nikamkalisha binti yangu nikamweleza habari za babu yake, zote, tangu kwenye mchi.

Mara ya mwisho nilipomwona Daktari ilikuwa Same, mwaka juzi. Amestaafu, lakini kuna kliniki ya familia zile, na huwa wanamleta. Upepo wa Same unajulikana, unakupa vumbi bila kuomba. Tulikaa kwenye benchi la baraza tumejifunika kanga, nusu ya benchi ni watu wetu wa mlimani, wanawake, na wanaume wawili watatu waliowasindikiza. Nilikuwa na binti yangu. Mama yangu pia alikuja, mzee sasa, masikio yamepungua. Alitaka kumwona mjukuu anavyotazamwa. Alikaa mwisho kabisa wa benchi, nyuma ya wote, alivyozoea.

Daktari aliketi mezani pale pale barazani, kiganja kile kimegeukia ndani. "Shikamoo, Daktari." "Marahaba. Umenenepa." Halafu akamgeukia binti. "Ukoo wako?"

Binti akataja ukoo wa baba yake, kama tunavyofundishwa.

"Upande wa mama?"

"Mama mkubwa alikufa kwa saratani ya titi. Na shangazi zake mama. Na babu."

Kalamu ikasimama. "Babu yako alikuwa na henia," Daktari akasema taratibu, bila kupepesa. "Mimi nilikuwepo."

"Hapana, Daktari. Babu mzaa mama alikufa kwa saratani ya titi. Alimwambia mama aseme."

Daktari alinitazama. Nikamwambia ndiyo, alisema mwenyewe, kwa mdomo wake. Nilidhani atalia, nikageuza uso nisione. Kumbe alikuwa anahesabu waliokaa kwenye benchi, mmoja mmoja, mpaka mwisho.

"Simama," akamwambia binti. "Rudia. Wa nyuma hawajasikia."

Binti akasimama akarudia, kwa sauti ya dada yangu ya kwaya, kwamba babu yake, mwanaume, msemaji wa ukoo, alikufa kwa saratani ya titi na kwamba ilitoka kwake. Wanaume wale wakatazama viatu vyao. Kule mwisho mama aliweka mkono sikioni, akatikisa kichwa kwamba hajapata.

"Mdomo wangu yuko wapi?" Daktari akasema.

Nikasimama, nikatembea mpaka mwisho wa benchi, nikapiga magoti mbele ya mama yangu, nikaanza kutafsiri.